Deni la Zohali

Boksi lilifika Jumanne, limefungwa kamba kama mbuzi wa mahari.
Dereva wa posta akauliza, "Ni jiko?"
Nikasema ni jiko.
Fedha zile, kwa kweli, zilikuwa za jiko.

Miaka thelathini na mmoja nilitoboa tiketi za garimoshi
nikiwatazama wengine wakienda.

Sasa nimeketi sakafuni na spana isiyotosha,
miguu mitatu ya chuma, kila mmoja na nia yake,
skrubu saba pale kitabu kinaposema sita.
Ya saba imo mfukoni mwa aproni hadi leo.
Siitupi. Huenda ndiyo inayoshikilia kitu.

Mchana, kama kitabu kilivyoagiza,
nikailinganisha darubini ndogo na mama yake:
tafuta kitu cha mbali kisichosogea.
Nikachagua kiota cha korongo juu ya nguzo ya umeme.
Walikuwa kichwa chini, miguu ikikanyaga mbingu,
kinda mmoja akimwaga chakula kuelekea juu.
Nikageuza kidogo: Ararati nao,
mlima mzima unaning'inia kwa kitako chake
kama popo mweupe.
Nikacheka peke yangu,
kisha nikatazama kama kuna aliyeniona.

Halafu mawingu.
Subira huvuta heri; yangu ilivuta mawingu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
wingu lile, kwa siku zake tisa,
lingekwisha palilia mizabibu ya bonde zima.
Kila jioni nilitoka, kila jioni nikarudi,
nikaifunika darubini kwa shuka
kama mtu mwenye homa.

Usiku wa kumi upepo ukafagia.
Nyota zikatoka zote kwa pamoja,
bila foleni, bila tiketi.
Ila Nyota ya Kaskazini, niliyoihitaji,
ilikaa nyuma ya mjozi wa Hrant.
Nikaburuta miguu mitatu mita nne, nikaanza upya:
sawazisha, inamisha, kaza, legeza,
goti langu la kushoto likilia kuliko skrubu.
Nikachungulia.
Giza. Giza la ndani kabisa, lisilo na punje ya nuru.
Nikafikiri: kumbe hivi ndivyo ulimwengu ulivyo.
Kisha nikakumbuka kifuniko.

Na taa ya banda la kuku la Hrant,
nyeupe, ya kutosha uwanja wa mpira!
Nikamwita juu ya ukuta: "Zima, nusu saa tu."
"Na mbweha?"
"Mbweha naye amelala, Hrant."
Akazima. Akaja na kandambili,
ananuka kitunguu,
ana hakika nimetapeliwa.

Niliipata kwa bahati, si kwa ujuzi:
kitone cha rangi ya siagi
kikapita, kikatoroka, nikakifuata kwa vidole vya baridi
mpaka kikatulia. Zohali. Na pete yake.
Ndogo, Mungu wangu, ndogo
kama kile kiduara cha karatasi
kinachodondoka tiketi ikitobolewa;
kimekwama hewani,
hakijafika sakafuni.

Hrant aliinama, akanyamaza.
Akaenda mbele ya bomba, akapitisha mkono.
"Umebandika picha, Arpine."
"Sijabandika."
Akainama tena. "Inatikisika."
"Ni hewa. Ni huku kwetu kunakotikisika."
Nusu saa ikazaa saa mbili.

Asubuhi akabisha hodi, manyoya kiganjani.
Kuku watatu, akiwemo yule mwekundu
aliyetaga kila siku, hata siku za theluji.
Sikubishana. Nikahesabu noti mezani,
noti za jiko, zilizobaki.
Akazikunja. Hakuondoka.
Alilitazama shuka uani likipepea,
akasugua kisigino kwa kisigino:
"Na leo je? Nizime saa ngapi?"